Vidonge vya Jumapili

Kengele ya shule ilipolia saa nane mchana, wenzake Sindano walikimbilia kamba za kuruka. Yeye alitia madaftari mkobani, akafunga kifungo cha shingoni, akashika njia ya kwenda karakana ya ushonaji. Ndivyo alivyofanya kila siku ya shule. Jina la Sindano hakupewa na wazazi wake. Alipewa na bibi yake, kwa sababu alikuwa mwembamba, amenyooka, na akisema neno linachoma. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Karakana ilikuwa ukumbi mrefu wenye paa la bati. Ndani mlikuwa na vyerehani ishirini, vimepangwa safu mbili kama madawati ya darasani. Safu ya kwanza ilishona migongo na mikono ya mashati. Safu ya pili ilishona kola, mifuko na pindo. Katikati palikuwa na meza ndefu ya kukatia vitambaa, na vumbi la pamba lilielea hewani mpaka likatua kwenye nyusi za watu. Nje, chini ya dirisha lenye nondo, palikuwa na benchi. Hapo Sindano alikaa, akafanya hesabu zake, akamsubiri bibi mpaka saa kumi na moja.

Bibi yake alikuwa ameshona kola kwa miaka ishirini na tisa, kola tu, hata watu wakamwita Bibi Kola. Kola ikitoka mikononi mwake ilisimama yenyewe bila pasi.

"Huyu," Mama Pindo alipenda kusema, "mletee hata twiga, atamshonea kola, na twiga aondoke bila kulalamika."

Mama Pindo alikuwa shoga yake Bibi Kola. Alikaa kwenye cherehani cha jirani naye na kazi yake ilikuwa kupinda mashati.

Msimamizi wao naye alikuwa na jina la utani. Walimwita Bwana Ufunguo, ingawa si mbele yake. Ufunguo wa choo ulining'inia shingoni mwake kwa kamba nyeusi. Mtu akitaka kwenda haja, ilimbidi asimame, aende mpaka kwenye meza ya msimamizi, aombe huku watu wote wakisikia. Bwana Ufunguo alimpa, akatazama saa, akaweka alama kwenye daftari. Aliyefikisha alama tatu kwa siku moja, kesho yake hakai kwenye cherehani. Anashika ufagio. Na kwa kuwa wote walilipwa kwa kila kipande walichoshona, siku ya ufagio ilikuwa siku ya kurudi nyumbani mikono mitupu.

"Hapa ni kazini, mama zangu," alikuwa akisema. "Choo hakishoni mashati."

Hakuwa mtu wa matusi. Mkubwa wake, mwenye karakana, alimpigia simu kila alasiri kutaka idadi ya mashati, na akiongea na simu hiyo, sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyevunja sahani.

Sasa, Sindano na bibi yake walikuwa na siri, na siri hiyo ilikuwa na umri wa miezi miwili. Kikapu cha Bibi Kola kilikuwa kikirudi nyumbani kizito kuliko kilivyotoka. Ndani yake mlikuwa na kola zilizoharibika. Moja imeshonwa nyuma mbele. Nyingine ina ncha moja ndefu na nyingine fupi. Nyingine imepigwa mshono mara tatu mahali palepale, kama mtu aliyekuwa akisahau kila anapofika kwamba ameshapita.

"Macho haya, mke mwenzangu, yananidai miwani," bibi alisema mara ya kwanza, akicheka. Hivyo ndivyo alivyopenda kumtania mjukuu wake. "Chukua wembe ufumue. Na mdomo wako nao ushone."

Sindano alifumua. Alijua kazi hiyo tangu ana miaka minane: unakata mshono wa tatu, unaruka, unakata wa sita, halafu unavuta uzi wa chini polepole. Kisha alizishona upya kwenye cherehani cha miguu kilichokaa kando ya kitanda chao, na asubuhi bibi akazirudisha karakana kimyakimya.

Lakini Sindano hakuwa mjinga. Macho mabovu hayamfanyi mtu amimine sabuni ya unga kwenye kopo la chumvi. Macho mabovu hayamfanyi mtu asimame katikati ya njia ya dukani, aliyoipita maisha yake yote, akauliza, "Hivi tunakwenda wapi?" Na mama yake Sindano, aliyekuwa akifanya kazi za ndani katika mji mwingine, alipopiga simu, bibi alimkonyeza mjukuu wake kwanza, na Sindano akasema, "Tuko wazima, mama."

Alisema hivyo kwa hofu. Alikuwa ameona kwa macho yake jinsi mshonaji mmoja wa mikono ya mashati alivyoambiwa akapumzike baada ya kukoseakosea, na cherehani chake kikakaliwa na mtu mwingine kabla kiti hakijapoa. Bila kola, bibi yake angekuwa nani?

Palikuwa na uongo mwingine pia, nao ulikuwa wa kliniki.

Bibi Kola alikuwa na presha, yaani shinikizo la damu. Kliniki ya presha ilikuwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi, asubuhi mpaka saa tisa alasiri, saa zilezile ambazo yeye alikuwa ameinamia cherehani. Ng'ambo ya barabara kubwa, kwenye majengo ya ofisi, palikuwa na zahanati yenye milango ya vioo iliyofunguliwa mpaka usiku, lakini hiyo haikuwa ya watu wa kola. Kwa hiyo Sindano ndiye aliyebeba kadi ya bibi. Alitembea nusu saa, akapanga foleni mbele ya dirisha la dawa, akisoma na kurudia kusoma bango lililobandikwa ukutani, lenye picha ya uso ulioshuka upande mmoja.

"Bibi yuko wapi?" muuguzi aliuliza kila mwezi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole na kalamu sikioni.

"Amepata wageni."

"Mwezi uliopita pia alikuwa na wageni. Mbona wageni wake hawaondoki? Haya, dawa anameza kila siku?"

"Kila siku," Sindano alijibu, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa.

"Mwambie mwezi ujao aje mwenyewe nimpime. Sitampa tena kwa kadi tupu." Lakini mwezi uliofuata alimpa tena, maana foleni ilikuwa ndefu na mtoto alikuwa na adabu. Ikawa hivyo miezi mitano.

Jumatano moja jioni uzi ulimwishia Sindano kabla hajamaliza kola ya mwisho. Bibi alikuwa uani akianika nguo. Sindano alichukua kopo la biskuti walilowekea bobini za uzi, akaliona jepesi. Akainama chini ya kitanda kutafuta lingine. Akalipata, kopo kubwa la maziwa ya unga. Alipolinyanyua lililia kama njuga.

Ndani hamkuwa na bobini. Mlikuwa na vidonge, vyeupe na vidogo, vingine bado vimo kwenye pakiti zao, vingine vimezagaa. Vilijaa mpaka nusu ya kopo. Sindano alivijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyevibeba.

Alisimama na kopo mkononi mpaka bibi akaingia na beseni tupu kiunoni.

"Bibi, hivi vyote ni nini?"

Bibi Kola alilitazama kopo. Akaweka beseni chini taratibu, akaketi kitandani.

"Hizo ni akiba."

"Dawa haina akiba, bibi! Mimi namwambia muuguzi unameza kila siku!"

"Usinipandishie sauti, mke mwenzangu. Nameza. Jumapili nameza."

"Na siku nyingine?"

Bibi alijifuta mikono kwenye kanga yake, kidole kimoja kimoja. "Sikiliza. Kidonge hicho kinatoa maji mwilini. Nikikimeza asubuhi, kufika saa nne nimekwenda haja ndogo mara tatu. Mara tatu, Sindano. Nimesimama mbele ya watu mara tatu, kama mtoto wa darasa la kwanza, 'naomba ufunguo, naomba ufunguo.' Na kesho yake nashika ufagio. Nikishika ufagio tunakula nini? Jumapili choo ni changu. Jumapili nameza, na kichwa kikiniuma sana nameza. Wote tunafanya hivyo."

"Wote nani?"

"Sisi wakubwa wote wa safu ya pili. Mama Pindo, yule wa mifuko, wote. Tumeviita vidonge vya Jumapili." Akajaribu kucheka. "Na hata chai hatunywi tena kazini. Tumekauka kama dagaa, lakini alama hatuna."

Sindano hakucheka. "Nitamwambia muuguzi."

"Hutamwambia mtu." Sauti ya bibi ilibadilika. "Ukisema nina ugonjwa wa kusahau, cherehani changu kimekwenda. Niahidi."

Sindano alitazama mikono ile iliyomlea. 

"Naahidi," alisema, akalirudisha kopo chini ya kitanda.

Kesho yake, Alhamisi ya pili ya mwezi, alikuwa kwenye benchi yake, akijaribu kugawanya sehemu kwa sehemu. Alikuwa amezoea mlio wa karakana kiasi kwamba aliweza kukitambua cherehani cha bibi kati ya vyote ishirini: kilikwenda mbio fupi, kikatulia kwenye kona ya kola, kikaenda tena. Saa tisa kasoro robo kilitulia kwenye kona. Hakikuendelea.

Sindano alisubiri. Akahesabu mpaka thelathini. Akapanda juu ya benchi, akashika nondo, akachungulia.

Bibi Kola alikuwa ameshika kola mbele ya uso wake, akiitazama kama kitu alichookota njiani. Kisha akapeleka mkono wa kulia kuchukua mkasi. Mkono ulikwenda nusu ya njia, ukaanguka mapajani. Akachukua mkasi kwa mkono wa kushoto. Nao ukamponyoka, ukalia kwenye sakafu.

"Shoga, vipi?" aliuliza Mama Pindo.

Bibi alifungua mdomo. Maneno yaliyotoka yalikuwa mazito na hayakuungana, kama ya mtu mwenye pamba mdomoni. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeshuka.

Sindano hakukumbuka baadaye jinsi alivyoshuka kwenye benchi. Alijikuta ndani, amepiga magoti kando ya kiti cha bibi, ameshika mkono uliolegea kama kitambaa kilicholowa.

"Nani amemruhusu mtoto kuingia?" aliuliza Bwana Ufunguo. Kisha akaona, akasogea. "Amechoka tu. Mpeni maji. Mpepeeni."

Wanawake walimpepea kwa vipande vya mashati. Mama Pindo alimshikia kikombe mdomoni, maji yakatiririka kidevuni. Dakika zikapita. Vyerehani vyote vilikuwa kimya, na bati lilikuwa likitoa milio kwa jua. Halafu, polepole, uso wa Bibi Kola ukarudi mahali pake. Akakunja vidole vya mkono wa kulia, akavikunjua. Akapumua.

"Ni joto hili," alisema, na safari hii maneno yalikuwa maneno. "Mbona mmenizunguka? Mmeona harusi?"

Watu wakacheka kwa faraja, kicheko kikubwa kuliko utani wenyewe.

"Nilisema amechoka," alisema Bwana Ufunguo, akitazama saa yake. "Haya mama zangu, mashati mia moja lazima yaondoke leo. Kaeni. Na wewe mtoto, nje."

Wakakaa. Cherehani kimoja kikaanza kulia, kisha cha pili, kisha safu nzima. Bibi Kola akaokota mkasi wake. Alimkonyeza Sindano, konyezo lilelile la siku za simu.

Sindano alikwenda hatua tatu kuelekea mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, benchi lilikuwa palepale, daftari la hesabu limeangukia vumbini. Angeweza kutoka. Kila mtu alitaka atoke. Lakini mbele ya macho yake aliliona lile bango la ukutani alilolisoma miezi mitano kwenye foleni, ule uso ulioshuka, na chini yake maandishi makubwa mekundu: HATA IKIPITA, USINGOJE.

Akageuka.

"Haijaisha," alisema. Hakuna aliyesikia kwa mlio wa vyerehani. Akasema tena kwa sauti yote aliyokuwa nayo: "Haijaisha! Bibi ana presha, na dawa hamezi!"

Vyerehani vikazimika kimoja baada ya kingine.

"Sindano," bibi alisema. Ilikuwa sauti ya chini, ya kutisha. "Uliniahidi."

"Niliahidi, bibi. Nisamehe. Leo sitaweza." Machozi yalikuwa yakimtoka lakini hakuyafuta. Alimtazama Bwana Ufunguo. "Shikamoo, mzee. Dawa inamfanya aende haja mara kwa mara. Anaogopa alama zako. Kwa hiyo anameza Jumapili tu. Na siku hizi anasahau, na kola mbovu nazishona mimi nyumbani. Na huu uso ulioshuka ni kiharusi kinabisha hodi. Imeandikwa kliniki. Inatakiwa aende sasa hivi."

Bwana Ufunguo alipapasa kifua chake, pale ufunguo ulipokuwa. "Maneno ya mtoto haya. Mimi sijawahi kumkataza mtu dawa. Bibi Kola, ni kweli?"

Bibi alitazama sakafu. 

"Mnaona? Hata mwenyewe..."

"Ni kweli." Alikuwa Mama Pindo. Alisimama, akachukua mkoba wake chini ya cherehani, akatoa kifuko kilichofungwa fundo. Alikwenda mpaka kwenye meza ya kukatia, akafungua fundo kwa meno, akamwaga. Vidonge vyeupe vikatawanyika juu ya kitambaa cha bluu. "Hivi vyangu vya tangu mwaka jana, natembea navyo ili wa nyumbani wasivione. Kijana wangu, mimi nina umri wa mama yako. Sitaki kukuomba ruhusa ya kukojoa."

Mwanamke wa mifuko akainuka, naye akamwaga vyake. Kisha wa tatu. Kisha wa nne, aliyekuwa akilia. Hakuna aliyepiga kelele. Msimamizi alisimama mbele ya rundo lile akiwa ameshika kamba ya ufunguo.

Simu ikalia mezani kwake. Ilikuwa saa ya mkubwa kutaka idadi. Ikalia, ikakata, ikalia tena. Bwana Ufunguo aliitazama. Halafu akatoka mlangoni bila kuigusa, na wakasikia akimwita dereva wa gari la vitambaa.

Bibi Kola alipanda gari lile akakalishwa juu ya majora ya vitambaa, Sindano upande mmoja, Mama Pindo upande wa pili. Njia nzima bibi hakumsemesha mjukuu wake. Hilo lilimuuma Sindano kuliko kitu chochote. Lakini mkono hakuuachia.

Haikuwa siku ya presha, lakini kliniki walimkuta muuguzi yuleyule, akifunga dirisha la dawa. Alipomwona mtoto na kadi, akatabasamu. Alipomwona bibi, tabasamu likaondoka. Alimfunga kitambaa cha kupimia presha mkononi, akakijaza upepo, akatazama namba. Akakijaza tena. Akamwita daktari bila kusema namba ni ngapi.

"Wewe si ndiye uliyeniambia anameza kila siku?" alimuuliza Sindano.

"Ndiye mimi. Nilidanganya."

"Na wageni?"

"Hakukuwa na wageni."

Muuguzi alichomoa kalamu sikioni. "Na mimi niliona foleni, sikukuona wewe," alisema. "Tumekosa wote wawili."

Daktari alikuwa mwanamke mrefu, mzungumzaji wa taratibu. Alimpa bibi dawa, akamlaza, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu. Halafu akavuta kiti.

"Bibi, leo ni siku gani?"

Bibi Kola alifikiri. "Jumatatu."

"Mwezi gani?"

Bibi aligeuza uso ukutani. Sindano alitaka kumtajia, alifungua mdomo hata, akaufunga. Kwa miezi miwili alikuwa amemtajia kila kitu. Safari hii alimwacha daktari aone.

"Usione haya," daktari alisema. "Moyo wako ni kama pampu. Umekuwa ukisukuma damu kwa nguvu kupita kiasi kwa miaka mingi, na mishipa midogo ya kichwani imechoka. Kila mshipa mdogo unapoziba, sehemu ndogo ya ubongo inakosa damu. Ndiyo maana kola zinakushinda. Leo kidogo uzibe mkubwa. Ungesubiri mpaka saa ya kutoka kazini, sijui kama tungekuwa tunaongea hivi."

Mama Pindo alishika kifua chake mwenyewe.

"Na kwa nini hukumeza?" daktari aliuliza.

 Bibi akasema, kwa sauti ndogo, "Ufunguo." Akaeleza yote, kuanzia alama mpaka ufagio. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani yake.

"Ipo dawa nyingine," alisema. "Haikupeleki chooni. Ipo hapo kabatini, ni ya bure kama hiyohiyo. Ungeniambia miezi mitano iliyopita, ningekubadilishia siku ileile."

Mama Pindo akamgeukia Sindano, akamkazia macho. Sindano akahesabu. Miezi mitano. Mara tano alisimama kwenye dirisha lile, na jibu lilikuwa nyuma ya muuguzi, hatua nne, kabatini.

"Usimtazame mtoto hivyo, mama," daktari alisema. "Mtoto alibeba mzigo wa wakubwa. Nami niwaambie jambo. Nafanya kazi hapa asubuhi, na jioni nafanya ile zahanati ya vioo. Presha ni ileile. Wale wa ofisini nao wanaugua moyo. Lakini choo chao kiko hatua kumi, hawamwombi mtu, na wakitaka kupimwa wanatoka saa yoyote. Kwa hiyo wengi wao wanazeeka na akili zao. Huku kwenu naletewa washonaji na wafagiaji ambao miaka sitini tu wameshasahau majina ya watoto wao. Watu wanasema ni uzee. Si uzee peke yake. Nyingine ni maisha tunayowapangia."

Bibi Kola alilazwa siku nne. Mama yake Sindano alikuja kwa basi la kwanza, akamkumbatia binti yake, kisha akamkaripia, kisha akamkumbatia tena.

Wiki iliyofuata muuguzi alikwenda karakana wakati wa mapumziko ya mchana, na mashine yake ya kupimia, na barua ya daktari kwa mwenye karakana. Kati ya washonaji ishirini, tisa walikutwa na presha, na watatu kati yao hawakuwa wakijua. Mwenye karakana hakufurahi. Lakini safari hii Bwana Ufunguo aliongea naye kwa simu kwa sauti yake ya kawaida, mbele ya wote, akamwambia kwamba mashati yanashonwa na watu, na watu hao wana miili. Fundi akaja akang'oa kitasa cha choo, akaweka komeo la ndani tu. Karatasi za daftari la alama zikafungia vitumbua anavyouza mke wa msimamizi. Ndivyo alivyosema msimamizi mwenyewe. Wanawake walibaki na tatizo moja: hawakujua tena wamwite nani msimamizi asiye na ufunguo.

Si kila kitu kilichopotea kilirudi. Bibi Kola hakuweza tena mbio za kola. Alipewa kazi ya kukagua, nusu siku, akizipitisha kola kwa vidole na kuzitenga mbovu. Vidole vyake vilikumbuka zaidi ya kichwa. Siku nyingine alimwita Sindano kwa jina la mama yake. Daktari alisema wazi kwamba yaliyokufa yamekufa, ila yaliyobaki yanaweza kulindwa, kwa dawa ya kila siku, kutembea, kupunguza chumvi, na kutoficha.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi uliofuata, bibi alikwenda kliniki mwenyewe, kwa miguu yake, na mjukuu wake kando. Bado walikuwa hawajaongea juu ya ile ahadi. Muuguzi akamfunga kitambaa, akakijaza upepo.

"Imeshuka vizuri! Hongera, bibi. Umemeza kila siku?"

Sindano alishika pumzi. Lilikuwa swali lilelile, na jibu jepesi lilikuwa hapohapo mdomoni.

"Hapana," alisema Bibi Kola. "Siku mbili sikumeza. Nilisahau. Andika."

Muuguzi akaandika. Kisha akampa kijisanduku chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku, akamwonyesha namna ya kukipanga. "Sasa tumejua tukusaidie wapi," alisema.

Walipotoka nje, bibi alisimama kivulini kwa ukuta, akamgeukia mjukuu wake.

"Nilikukasirikia," alisema. "Siku ile garini nilikukasirikia sana. Nilisema moyoni, huyu amenivua nguo mbele ya watu. Lakini nimefikiri. Mimi ndiye niliyekufanya mwongo, nikakuita mtunza siri. Mtoto hatakiwi kutunza siri inayomuua mkubwa. Ukiona mtu anaumwa na anakwambia usiseme, wewe sema, hata akiwa ni mimi. Na ukiona watu wengi wanaficha jambo moja, usiwacheke. Tafuta kinachowafanya wafiche, maana hapo ndipo ugonjwa ulipo. Umenisikia?"

"Nimesikia, bibi."

"Basi nipe mkono. Na tupite njia ndefu, daktari amesema nitembee. Wewe utaniambia tunapopita, na nikikosea, usinikonyeze. Niambie."